Mama Alikataa Kulala Porini

Siku hizi tunakwenda porini kwa hiari yetu, tena na nguo za kubadilisha na sabuni ya kunukia. Kila kiangazi, Jumamosi asubuhi, familia tatu na marafiki wawili watatu tunakutana ukingoni mwa mto upande wa Kasuku, tunapakia mahema, sufuria na watoto kwenye mtumbwi wa injini, tunavuka Lualaba mpaka Alunguli. Pikipiki zinatuchukua kutoka hapo hadi kwenye kijito chenye mchanga mweupe, miti mikubwa pande zote. Tunakaa mpaka Jumapili jioni. Watoto wanaoga mpaka midomo inatetemeka, wanaume wanajifanya wanajua kuchoma nyama, na sisi wanawake tunawasema watu wote tuliowaacha mjini. Aliyesahau chumvi anataniwa mpaka kiangazi kijacho.

Mama yangu hakuwahi kuja. Nilimwalika kila mwaka, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile.

“Pori? Miye pori yangu nilishamaliza. Muende nyiye.”

Jibu hilo lilikuwa linanichoma, kwa sababu pori alilolisema mama lilikuwa langu pia, na mimi nililipenda.

Miaka ya vita nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Wenye bunduki walipoingia mtaani kwetu, tulivuka mto kukiwa bado na ukungu: baba, mama, sisi watoto wanne, na familia ya jirani zetu Wakristo tuliogawana nao uwanja. Tulitembea mpaka miguu ikakataa. Tukajenga vibanda vya majani, na huko tukakaa miezi mingi.

Kabla ya hapo sikumjua mama yangu vizuri. Alikuwa anauza samaki wakavu sokoni. Tulipoamka alikuwa ameshatoka, na aliporudi alikuwa amechoka, hataki maswali. Porini hakukuwa na soko. Mama alikuwa wetu tangu asubuhi hadi giza. Alinisuka nywele, akazifumua, akazisuka tena kwa sababu hakukuwa na kazi nyingine. Alinionyesha uyoga wa kula na uyoga wa kuacha. Nikinyoosha mkono tu, naushika upindo wa kitenge chake. Mtu mzima akinisikia nasema hivi anaweza kunikasirikia, lakini sitadanganya: nilikuwa na furaha.

Sheria ya kule ilikuwa moja tu, kutofanya kelele. Moto uliwashwa alfajiri, ukungu upate kuficha moshi. Kinu hakikutumiwa kabisa, maana sauti ya kutwanga inafika mbali na inamwambia kila mtu kwamba hapa kuna watu na chakula. Sasa niambie, mtu wa kwetu Maniema atakula sombe bila kutwanga? Mama na jirani yetu walikaa wakiyasugua majani ya muhogo kwa viganja, kidogo kidogo, mpaka mikono ikawa ya kijani. Ilikuwa sombe ya nyuzinyuzi, bila chumvi, na tuligombea kulamba sufuria. Baba aliadhini kwa kunong’ona. Jirani zetu nao Jumapili waliimba nyimbo zao kwa kunong’ona, watu saba midomo inacheza na sauti haitoki. Niliamini kwamba Mungu naye amekaa chini pamoja nasi, ndiyo maana hakuna haja ya kumpigia kelele.

Haya nilizoea kuyasimulia nyumbani, kwenye sherehe, kwa wanangu. Watu walicheka. Mama alikumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua. Nilimwona mkaidi. Nilisema moyoni, mbona ananinyima hata kumbukumbu?

Mwaka huu magoti yake yamekuwa mabaya. Kumshusha kwenye mtumbwi kunahitaji watu wawili wenye nguvu, na nikaona wazi kwamba kiangazi kijacho huenda isiwezekane tena. Nikaenda kwake, nikakaa chini, nikamwambia bila kuzunguka.

“Mama, nataka siku moja tu na weye kule. Moja. Kama zamani.”

“Kama zamani,” akarudia, kama mtu anayeonja kitu asichokipenda. Kisha akasema: “Nitakuja Jumapili asubuyi, mangaribi niko mu nyumba yangu. Kulala kule, apana. Usiniombe tena.”

Nilitoka pale karibu nicheze dansi barabarani.

Jumapili mume wangu alikwenda kumchukua. Alifika amevaa kitenge chake cha harusi, kilemba kimesimama vizuri, wajukuu wakamrukia bibi yao wakipiga kelele: “Koko! Koko!” Nilikuwa nimemwandalia kiti kizuri kando ya maji. Hakukitaka. Alichagua mahali pake, akakaa mgongo umeegemea mti, uso ukiangalia njia tuliyojia. Nikafikiri anatafuta kivuli. Nilikuwa na mipango yangu yote kichwani: tutaloweka miguu, tutatafuta uyoga, atanisuka nywele mbele ya wanangu waone.

Sasa kuna rafiki yangu mmoja, mshonaji, mzaliwa wa Kampene, mtu wa maneno mengi na mikono mingi. Huyo hali sombe ya mashine. Anasema ina ladha ya mafuta ya pikipiki. Basi yeye husafiri na kinu chake, hata mwenye mtumbwi akinung’unika. Siku hiyo aliweka kinu katikati ya kambi, akajaza majani, akakunja kitenge, akaanza kutwanga.

Pigo la tatu halikufika chini. Sijui magoti yale yalipata wapi nguvu. Mama alikuwa ameshasimama, ameshavuka mikeka na sufuria, ameushika mchi kwa mikono yote miwili.

“Weka chini! Batasikia! Weka chini, batasikia!”

Watoto walicheka wakidhani ni mchezo. Kisha wakaona uso wake, wakarudi nyuma. Rafiki yangu aliachia mchi polepole.

“Nani batasikia, mama?” akauliza kwa upole.

Mama alimwangalia. Akaangalia mahema ya rangi, na watoto wamelowa, na mume wangu ameshika kipande cha nyama hewani kama aliyepigwa picha. Akaurudisha mchi.

“Unisamehe, mwanangu. Nilisahau tuko wakati gani.”

Huyo wa Kampene hajawahi kukosa neno. “Hakuna neno, mama. Lakini kama ungeninyima mutwangio, leo tungekula majani kama mbuzi.”

Mama akacheka, kidogo, kwa pua. Nilimshika mkono nikamrudisha penye mti wake, nikakaa naye. Nyuma yetu kutwanga kukaanza tena, mwanzoni kwa woga, halafu kwa nguvu. Kila pigo nilikuwa nalisikia kwenye mkono wa mama niliokuwa nimeushika.

“Weye unakumbuka pori kama sikukuu,” akasema. Hakuwa na hasira. “Miye sikulala kule.”

“Hukulala namna gani?”

“Sikulala. Nilikuwa nasinzia nimekaa, mugongo kwa muti, macho kwa njia. Mutoto akikohoa, mukono yangu iko kwa kinywa yake. Baba yenu alikuwa anasema, lala kidogo, nitaangalia. Sikumuamini. Sikumuamini muntu yeyote.”

“Njo sababu ulikuwa karibu yetu kila saa?”

“Niliogopa kuwaacha, ata kidogo.”

Nilihisi kama mtu aliyevuliwa nguo. Kile nilichokiita furaha ya utoto wangu kilikuwa hofu ya mama yangu, naye alikuwa ameibeba miaka yote hii akinisikiliza nikiichekea kwenye sherehe. Machozi yalinitoka, nikashindwa kuyazuia, na nikauliza kama mtoto: “Lakini ulikuwa unacheka na miye. Ulikuwa unanisuka. Ile ilikuwa uongo?”

Akanipiga kofi dogo pajani, lile la zamani. “Uongo wa nini? Weye ulikuwa mutoto wa kuchekesha. Nilicheka kweli. Woga ilikuwa iko, na kicheko nayo ilikuwa iko.”

Majani yaliisha kutwangwa, harufu ya mawese ikaanza kutoka kwenye sufuria. Vijana walifungulia redio. Mama akahangaika kidogo pale mtini, akatafuta namna ya kuweka miguu, akakosa.

“Lete mukeka,” akasema. “Ninyooshe mugongo. Kidogo tu.”

Nikatandika. Akajilaza ubavu, akaweka kilemba chini ya shavu. Nikaenda kumchukulia maji, na niliporudi alikuwa amelala, kinywa wazi, anakoroma.

Wanangu walikuja na mpira wakipiga makelele. Nikainua mkono niwafukuze, kisha nikaushusha. Wakapita karibu kabisa na kichwa chake, mmoja akaanguka, wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mama hakutikisika. Mume wangu akauliza tumwamshe ale. Nikakataa. Watoto wakauliza kama koko hatawaonyesha uyoga. Nikawaambia uyoga upo tu.

Nitasema ukweli: mwanzoni niliona wivu. Siku yangu moja niliyoiomba, na mama ameichukua yote kwa usingizi. Nilikaa kando yake nikifukuza nzi kwa jani, nikimwangalia kifua kinavyopanda na kushuka, na wivu ule ukaniisha polepole. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumwona mama amelala mchana.

Jua lilianza kushuka. Mwenye mtumbwi akapiga simu kutoka Alunguli, sauti imejaa hasira: anatungoja, giza linakuja, tunafanya nini huko?

Nikamwambia avuke na wengine, asitungoje sisi wawili. Mama yangu amelala.