Mitambo Minane

Kiwandani walimwita Mama Jora, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alikuwa mnene, amenyooka, na akisimama mwisho wa safu ya mitambo ungedhani ni jora la kitambaa limeegemezwa pale likisubiri kupakiwa garini. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Alisema afadhali kuitwa jora kuliko kuitwa kipande.

Alifuma kitambaa tangu ujana wake mpaka mvi zikaanza kumchungulia. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kelele za chumba kile cha kufumia zingemrudisha mbio. Mle ndani hukuweza kumsikia mtu hata akupigie ukelele sikioni, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa mikono. Ukijigusa bega, msimamizi anakuja. Ukijipapasa tumbo, saa ya kula imefika. Ukikunja ngumi ukaiweka kifuani, umemwambia mwenzako, "Nishikie," yaani nitazamie mitambo yangu, natoka kidogo. Kila mfumaji alikuwa na mitambo yake minne, na kila mfumaji alikuwa na mwenzake wa kushikiana. Uzi ukikatika taa nyekundu huwaka na mtambo husimama, na mtambo uliosimama humharibia mtu jina. Ndiyo maana hukumkunjia ngumi kila mtu.

Mwenzake Mama Jora alikuwa mwanamke mwembamba kama ufito. Wale wawili waliitana Pacha, na kiwanda kizima kikaliokota jina hilo kwa kicheko, kwa sababu hawakufanana hata ukucha. Wakisimama bega kwa bega, mwembamba kushoto na mnene kulia, waliandika namba kumi. Walishikiana wakati wa mimba, wakati wa misiba, na asubuhi zile ambazo mtu ameamka tu hataki kuonana na walimwengu.

Msimamizi wao aliitwa Bwana Tai, kwa sababu alivaa tai katika joto lile la kuyeyusha mshumaa. Siku moja alimgusa Mama Jora begani akamwonyesha mlango wa ofisi. Ofisini kulikuwa kimya mno. Akaambiwa kampuni inapunguza watu, si kosa lake, na anashukuriwa kwa utumishi wake. Mama Jora akajibu, "Haya!" kwa sauti ya kiwandani, mpaka karani akaruka kitini. Wakamtoa kwa mlango wa nyuma, vumbi la pamba bado limemkaa nyweleni. Alipofika nyumbani alivua viatu, akaketi, akasema moyoni, sasa nitalia. Akangoja. Machozi hayakuja.

Hayakuja siku hiyo wala zilizofuata. Ukiukalia mguu muda mrefu unaweza kuupiga kofi usihisi kitu. Ndivyo alivyokuwa yeye mzima mzima. Aliamka kabla ya alfajiri kama zamani, akavaa, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka jua likaingia chumbani. Alipika, akala, asijue alichokula. Mumewe, dereva wa lori ambaye nyumbani alipita kama mgeni wa heshima, alimpigia kutoka njiani akamuuliza anajisikiaje. Alimjibu kwamba hajisikii. Mume akafikiri mtandao ni mbaya, akakata akapiga tena.

Alichongoja ni neno la Pacha. Hakutaka kuchangiwa wala kufarijiwa na kundi zima. Neno moja tu kutoka kwa mtu mmoja, hata "pole" ya mkato ingemtosha. Alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Alituma ujumbe, ukasomwa, usijibiwe. Lile kundi la wafumaji simuni, ambalo lilikuwa halipitishi saa bila picha za vichekesho, nalo likanyamaza ghafla. Mama Jora hakuzaliwa jana. Watu wale wasingeweza kuishi bila vichekesho. Walikuwa wamehamia kundi jingine na kumwachia yeye lile, kama nyumba iliyohamwa.

Sokoni alimwona mfumaji mmoja wa safu ya dirishani. Yule alipomwona alijitupa kwenye meza ya vitunguu, akaanza kukigeuza kitunguu kimoja kimoja kama mkaguzi wa serikali. Mama Jora alisimama nyuma yake muda wa kutosha vitunguu vyote kukaguliwa, kisha akaenda zake. Hakuona uchungu. Aliona tu kwamba amesahau alichokuja kununua.

Mtu pekee aliyekasirika katika nyumba ile alikuwa mama yake. Bibi huyo aliishi na binti yake, na muda si mrefu kabla ya mkasa alikuwa ametolewa mtoto wa jicho hospitalini, Mama Jora akakaa naye siku kadhaa mpaka bandeji zikaondolewa. Neno lake la kwanza baada ya kuona lilikuwa, "Kumbe umezeeka hivi, mwanangu!" Tangu hapo hakuna kilichompita. Aliona utando wa buibui darini, aliona jirani anavyomeza mate wakati wa kudanganya, na sasa aliona jinsi binti yake anavyoigeuza simu kifudifudi na kuifunua tena.

"Huyo Pacha wako kimya chake si cha bure," alisema. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Ana kazi nyingi, mama."

"Kazi gani ya kumziba mtu mdomo? Sikiliza, we mtoto. Mtu hafukuzwi hivi hivi. Kuna aliyekusema vibaya huko, na kikulacho ki nguoni mwako. Wewe mfuma nguo ungepaswa kulijua hilo kabla ya wote."

Mama Jora alitaka kucheka, kicheko nacho hakikuja. Lakini neno lilimwingia. Kama Pacha alikuwa amemchongea, basi hakupoteza kazi tu. Alikuwa amepoteza pia miaka yote ile ya nyuma, na angelazimika kuirudia moyoni siku moja moja akiuliza ipi ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomwinua kitini.

"Nenda ukamuulize," mama yake akasema. "Kuuliza si ujinga. Ukirudi uje uniambie, nijue namna ya kumlaani."

Akaenda Jumapili asubuhi. Mumewe Pacha, fundi viatu, alikuwa kibarazani anagonga soli. "Karibu, shemeji," alisema, na hakumtazama usoni. "Yumo ndani. Usishangae ukimkuta amelala. Siku hizi analala hata akiwa anatafuna."

Pacha alikuwa amelala kitini, kichwa kimening'inia, na mikono yake inacheza mapajani, inafunga nyuzi zisizokuwapo. Alikuwa amekonda zaidi, jambo ambalo Mama Jora hakudhani linawezekana. Alipofumbua macho na kumwona, hakushtuka. Alionekana kama mtu ambaye polisi wamemfikia hatimaye.

"Kaa, Pacha."

"Sikai. Nimekuja na swali moja. Nilikukosea nini?"

Pacha alitikisa kichwa. Katika chumba kile chenye utulivu hawakujua la kufanya na sauti zao. Kila mmoja alizungumza ama juu mno ama chini mno.

"Zile siku ulizokuwa hospitali na mama," alisema Pacha, "si nilikushikia?"

"Ulinishikia."

"Minane. Na hakuna uliosimama. Hata mmoja, Pacha! Sikula, chooni sikwenda, nilikimbia kama kichaa. Nilitaka urudi ukute kitambaa chako safi, mtu asipate la kusema. Bwana Tai akaja akasimama mwisho wa safu, mikono nyuma, ananitazama. Kesho yake akaja tena. Mimi nikamcheka moyoni, nikasema, leo atajua sisi ni watu gani." Akavitazama vidole vyake. "Akajua."

Mama Jora alikaa.

"Ulipoitwa ofisini sikujua. Ulipotolewa kwa mlango wa nyuma sikujua. Bwana Tai alikuja akanionyesha mitambo yako, akaninyooshea vidole vinane, akatabasamu. Ndipo nilipojua. Kama mmoja anaweza minane, wawili wa nini?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Wenzetu wote wanajua. Wamesema aliyeshika ndiye aseme. Kila siku naishika simu, naanza, 'Pacha, pole.' Halafu? Ukiniuliza imekuwaje, nikujibu nini? Bora unione sina utu."

"Na wao?"

"Siku hizi hatushikiani tena. Mtu akitaka kwenda chooni anasimamisha mitambo yake, anakwenda, anarudi. Hakuna anayetaka kuonekana anaweza."

Mama Jora alijipekua akitafuta hasira. Alikuwa amekuja nayo, au alidhani amekuja nayo, na sasa hakuipata. Aliutazama ule mwili mkavu, akaona kwamba mtu huyu bado anabeba kazi yake yeye, kila siku, bila kupumzika.

"Si ungeacha hata mmoja usimame?" aliuliza, taratibu.

"Ulikuwa wako," alisema Pacha. "Ningeuachaje?"

Usingizi ulikuwa unamrudia Pacha huku macho yake yakipigana nao, na Mama Jora hakutaka kuyachosha zaidi. Alimwekea mto nyuma ya shingo, akatoka. Fundi viatu alimwitikia kwaheri bila kuinua macho.

Njiani alikuwa mwepesi kidogo. Pacha hakumchongea, miaka ile ilikuwa ya kweli yote. Alikuwa amekaribia nyumbani, anapanga atakavyoanza kusimulia, ndipo miguu ikapungua mwendo yenyewe. Angeanzia wapi? Simulizi yote ilianzia hospitalini, kwenye lile jicho.

Mama yake alikuwa mlangoni. Alikuwa amemwona tangu mbali, kutoka kwenye kona, na alikuwa na fahari ya kumwona kutoka kwenye kona.

"Enhe! Nimekuona unakuja, hata rangi ya kitambaa chako cha kichwa nimeijua. Kasemaje?"

Mama Jora aliyatazama macho yale, maangavu, yamemkodolea yakisubiri.

"Hakusema kitu, mama."

"Hata neno?"

"Hata neno."

"Si nilikwambia? Hana utu mtu yule."

Sasa ukamchoma uchungu wa kweli, wa kwanza tangu ile ofisi. Ulimi wake ukaenda mbele kumtetea mtu aliyemkimbilia mitambo minane bila kula. Akaufunga mdomo.

"Ndiyo, mama," alisema, akaingia ndani kumtafutia dawa yake ya matone, maana saa yake ilikuwa imefika.