Nilimpimia mume wangu mshahara kwa mbuzi

Admin, nifichieni jina langu na la kanisa letu, mengine yaacheni kama yalivyo. Nina miaka thelathini na sita, naishi Bunia, kata ya Mudzipela. Nina watoto watatu, nauza unga wa muhogo sokoni, na ni mjane tangu juzi juzi. Mkinitukana mna haki, ila someni mpaka mwisho, maana sina siku nyingi.

Mume wangu, nitamwita Baba Furaha, alikuwa asistenti, yaani mhadhiri msaidizi, katika chuo kikuu kimoja hapa mjini. Miaka tisa alifundisha bila jina lake kuingia kwenye listi ya mishahara ya serikali kule Kinshasa. Alichopata ni prime, yaani kipande kidogo ambacho chuo kinakikata kwenye ada za wanafunzi, na tangu vita vifukuze watu vijijini wanafunzi wengi hawalipi. Mimi ndiye niliyelisha nyumba, pamoja na mama yake aliyekimbia Djugu na godoro moja na Biblia ambayo hajui kuisoma. Sikulisha kwa moyo mzuri, nakiri. Kila sahani niliyomwekea mume wangu niliitia neno.

Mwaka huu maasistenti walitaka kugoma. Yeye akapewa kazi ya kukusanya mishahara ya walimu wa vyuo vikuu vya nchi nyingine, ili barua yao ya madai iwe na uzito. Aliwaandikia watu aliosoma nao, akapata Kigali, Kampala, Nairobi, mpaka Afrika Kusini. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka kuliko wake, aliniomba ninakili listi kwenye karatasi safi, wenzake wakija Jumapili niwasomee. Nilipoziona zile namba nilipandwa na hasira. Watu wenye diploma kama yake, wengine aliwashinda darasani! Basi badala ya pesa nikaandika mbuzi. Kigali: kundi. Kampala: kundi na mchungaji wake. Nairobi: zizi zima. Afrika Kusini: wajihesabie wenyewe. Chini kabisa nikaandika: Bunia, Baba Furaha, mkia.

Wenzake sita walikuja, mama yake akiwa bado kanisani. Nilisoma kwa sauti ya juu, taratibu, kama anayesoma matangazo ya misa. Walicheka sana. Baba Furaha naye alicheka. Mmoja akasema, "Madamu iko na kichwa, angefundisha yeye!" Hapo ningenyamaza. Lakini nikamgeukia mume wangu mbele yao nikamwambia, "Weye unafundisha watu ekonomi, na chumvi ya hii nyumba inanunuliwa na mwanamuke. Kama uko mwanaume, leta hata mbuzi moja." Yeye aliikunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akawauliza wageni kama wataongeza chai.

Wiki hiyo hiyo institi moja, chuo kidogo cha upande wa Aveba, ilikuwa inatafuta mwalimu wa kumaliza kozi nzima kwa siku tano. Maprofesa waliozoea kwenda huko walikataa kwa sababu ya barabara, kila mtu alijua hali ya ile barabara. Tena institi haikuwa na pesa, wazazi wa huko wanalipa kwa vitu vya shamba. Asubuhi moja akaniambia huku anafunga begi, "Mama Furaha, ninaenda Aveba. Directeur wa institi amesema watanilipa mbuzi mbili." Nilikuwa napepeta unga, sikuinua hata kichwa. Nikamjibu, "Usirudi na mkia." Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Alifundisha siku zote tano. Akirudi, watu wenye silaha walisimamisha moto, ile pikipiki aliyopanda. Dereva aliruka porini akapona, yeye hakupona. Siku ya tatu baada ya mazishi likaja gari la soko, limebeba mbuzi wawili na begi lake lililookotwa barabarani. Directeur alikuwa ametimiza neno.

Mama mkwe alifungua begi akaikuta ile karatasi. Akaibusu. Akasema, "Hii ni kazi ya mwisho ya mutoto wangu. Isisomwe ovyo ovyo, watu wote wasikie pamoja." Ameiweka ndani ya Biblia yake na hamwachi mtu aiguse. Jumamosi tunamaliza kilio. Mkatekista ataisoma mbele ya ukoo, na mbuzi watachinjwa. Wale wenzake sita nao wamealikwa. Tangu msiba mama huyu ananishika mkono na kuwaambia majirani, "Huyu alimuheshimu bwana yake. Njo maana alikufa akimutafutia."

Jana alipokwenda kuoga niliifungua Biblia. Baba Furaha amekata neno mkia kwa bic nyekundu, ile ya kusahihishia mitihani, akaandika juu yake: mbuzi mbili. Hakuandika kitu kingine.

Nikiichoma, mama mkwe atageuza nyumba nzima akiitafuta. Nikiandika nyingine yenye maneno mazuri, mwandiko ni ule ule, lakini wale sita watajua nimemdanganya mama wa marehemu. Ikisomwa kama ilivyo, shemeji zangu watanifukuza na watoto watabaki nao, kwetu ndivyo inavyokuwa. Na mimi nawachukia wale mbuzi, lakini ndiye ninayewakatia majani kila asubuhi, wamenizoea, wakiniona wanalia.

Msiniambie niombe msamaha, wa kunisamehe nimeshamzika. Niambieni hili moja tu, ndugu zangu: niichome, niibadilishe, au Jumamosi nisimame niisome mwenyewe, kwa sauti ile ile?