Matundu Sita

Niliisikia kabla sijaiona: tik, tik, tik, nyuma ya pazia la chumba cha kupanga cha Mzee, mtaa wa Namakwekwe. Nilihesabu hadi sita.

Nilikuwa nimetoka Jinja alfajiri, na kibali cha polisi nilikitoa mkobani na kukirudisha mara nyingi hivi kwamba tulipofika Busiu abiria wa pembeni aliniuliza kama ni barua ya posa. Mwaka mzima nilikuwa nikijifunza shabaha kwa silaha za kuazima. Sasa nilitaka yangu, ya zamani, iliyozoea mikono ya watu kabla yangu. Afisa wa kusaini uhamisho wa umiliki alikuwa akitusubiri, mimi na muuzaji, kituoni saa nane.

Mzee, muuzaji mwenyewe, akatoka nyuma ya pazia, bastola ikiwa juu ya kitambaa. Alistaafu jeshini, bastola aliirithi kwa baba yake, askari wa enzi za Waingereza. Mpini wake wa mti ulikuwa umelainika kama mwiko wa jikoni.

"Shika, binti."

Nikashika. Nikaigeuza dirishani, nikatafuta namba zilizochongwa, nikanusa mafuta. Kisha nikainua mkono, nikalenga kalenda iliyoning'inia ukutani.

Mzee akaniondolea bastola mkononi, taratibu, kama anavyopokonywa mtoto kisu.

"Umeifungua?"

"Nilikusikia ukiizungusha, Mzee. Matundu yote sita."

"Kwa hiyo masikio ndiyo yamekagua."

Nyuma ya kalenda, chumba cha pili ng'ambo ya ukuta, mtu akakohoa.

"Huyo ni fundi cherehani," Mzee akasema. "Ana deni langu la suruali, lakini si la kufia."

Nilicheka peke yangu. Akaifungua, mwanga ukapita katika matundu sita.

"Ilikuwa tupu," nikasema.

"Leo, ndiyo."

Akanieleza kuwa katika nyumba yao silaha haimilikiwi na mtu mpaka aifungue mwenyewe bila kuambiwa. Baba yake alimpa mara tatu, mara mbili akamnyang'anya.

"Mimi nilikuwa tayari na cheo," akasema. "Nilinuna wiki nzima."

"Na afisa anayetusubiri?"

"Mpigie afande simu, ale chakula chake."

Vidole vyangu bado vilinukia mafuta. Sikujua pa kuviweka.

"Nirudi lini?"

"Ukishaacha kuiwaza usiku."

Akaiviringisha bastola ndani ya kitambaa, akanisindikiza hadi kizingitini, akanitakia safari njema, akafunga mlango.