Majina Arobaini na Mawili ya Tingi

Adija Mudathiri alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji pale Tingi kwa miaka kumi na moja, na kazi iliyomchosha kuliko zote ilikuwa kuwakusanya watu. Gari la serikali likiingia, mwenyekiti wa kijiji humtuma yeye. Huzunguka nyumba kwa nyumba na jua lake, anaomba watu waache vibarua vyao, waje wakae kwenye benchi la zahanati wahojiwe au wachomwe sindano.

Wageni wote walikuja kwa jambo moja, dawa za mikorosho. Mikorosho ikianza kutoa maua, wanaume wa Tingi hubeba mashine mgongoni na kuingia mashambani, wakipuliza salfa ya kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa unaokausha maua, na dawa ya maji ya kuua wadudu. Wengi hurudi na macho mekundu. Wengine hutapika, wakafika zahanati wakapewa vidonge vya kichwa.

Msimu mmoja walikuja watu wa afya, wakachukua damu ya wapuliziaji arobaini na wawili. Msimu uliofuata wakaja watu wa kilimo, wakawauliza wapuliziaji walewale wanatumia dawa gani na wanazinunua wapi. Baadaye wakaja watu wa mazingira, wakachota maji ya visima. Kila ofisi ilikuwa na fomu zake na namba zake. Hakuna iliyojua ya mwenzake, na hakuna iliyorudi na jibu.

Majibu watu walimdai Adija. Walimdai kwenye mashine ya kusaga, walimdai msibani.

"Mwanangu, damu yangu imefika wapi?" Mzee Yunusu alimuuliza siku moja.

"Iko maabara, babu."

"Maabara ya wapi?"

Adija hakujua. Akasema atauliza, na mzee akatikisa kichwa kwa upole, jambo lililomuuma kuliko kama angefokewa.

Nyumbani nako kulikuwa na lake. Mumewe, Fakihi, alikuwa mpuliziaji hodari, wenye mashamba wakimwita mpaka kijiji cha Kinjumbi. Kwa miaka miwili sasa vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtoto, na akiulizwa husema ni uzee. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Ndipo ikaja barua ya kumwita Adija Lindi mjini. Alipanda basi, akafikia kwa mdogo wake anayeishi Mitwero, na asubuhi akaingia kwenye ukumbi ambamo, kwa mara ya kwanza, ofisi zile tatu zilikaa meza moja. Aliyeziita ni Daktari Joyce, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyepewa kazi ya kuziunganisha tafiti zote za sumu za ukanda ule ziwe kitu kimoja.

Watu wa afya walieleza kwamba katika ile damu kuna kitu kinachosaidia mishipa ya fahamu, na kwamba dawa za wadudu hukishusha. Kwa wapuliziaji kumi na tisa kilikuwa kimeshuka sana. Dawa ipi ilikishusha, hawakujua. Watu wa kilimo walijua nani anatumia dawa gani, ila hawakujua damu ya nani imeharibika. Waliweka orodha zao mezani na namba hazikukutana hata moja.

Adija alinyoosha mkono. "Mimi ninalo daftari," akasema. "Kila mlipokuja niliandika jina la kila mtu, na pembeni namba aliyopewa."

Mtu mmoja wa afya akamnyooshea mkono alipokee, lakini Daktari Joyce akamzuia.

"Hapana. Hawa watu waliahidiwa majina yao hayatatoka. Bi Adija, inabidi kwanza uwaulize wenyewe, mmoja mmoja, na kila anayekubali atie sahihi."

Adija aliziangalia zile fomu mpya alizokabidhiwa. Watu arobaini na wawili, walewale. Alitamani kucheka ila hakuwa na nguvu hizo.

Alirudi Tingi akaanza kuzunguka. Iliichukua miguu yake wiki mbili. Baadhi walitia sahihi bila kusoma, ili aondoke. Mzee Yunusu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Safari hii watarudi?"

"Babu, sijui. Mama aliyenituma amesema watarudi. Mimi nimemwamini, lakini sijui."

"Afadhali umesema hujui," mzee akajibu, akaweka dole gumba.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu. Fakihi.

"Mama Nurdin, wenye mashamba wakisikia nina sumu mwilini, nani ataniita kazini?" alisema. "Na nisipopuliza, mimi ni nani hapa kijijini?"

Adija angeweza kuliingiza jina lake kwenye orodha mpya bila yeye kujua, daftari lilikuwa lake. Hilo lilimpitia kichwani, akiwa anaosha vyombo, na aliliacha likapita. Akasema tu, "Nina arobaini na mmoja, Baba Nurdin. Lako sijaliingiza, na bila wewe kutaka siliingizi."

Hawakulizungumza tena. Siku ya nne, Adija akiwa zahanati anapima watoto uzito, aliinua macho akamwona mumewe amekaa kwenye benchi nyuma ya akina mama, kofia magotini, akisubiri zamu kama mgonjwa yeyote. Ilipofika, aliomba fomu. Kalamu ilimtetemeka, sahihi ikapinda. Adija akamshikia karatasi isiteleze.

Miezi mitatu baadaye gari lilifika, moja, na watu wa ofisi zote tatu ndani yake. Daktari Joyce alikuwa amekuja kweli. Walikaa na kila mtu peke yake, wakamwambia yaliyomo katika damu yake. Karibu wote ambao kile kitu kilikuwa kimeshuka sana walikuwa wametumia dawa moja, ile iliyokuwa inamiminwa kutoka kwenye mapipa na kuuzwa kwenye chupa za maji zisizo na karatasi ya maelezo, na mabaki yake yalionekana katika kisima kilicho karibu na mashamba. Kisima kilifungwa. Chupa ziliondolewa dukani. Mzee Yunusu, ambaye siku zote alipuliza salfa tu, alikutwa mzima. Alimpa daktari mkono akaondoka.

Fakihi alikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Aliambiwa asiguse mashine, na kwamba damu itarudi katika hali yake ila vidole pengine havitarudi. Alisikiliza, akashukuru. Msimu ule mashamba ya Kinjumbi yalipulizwa na mtu mwingine. Fakihi alilima mihogo nyuma ya nyumba na kunyamaza zaidi kuliko zamani, ingawa chakula kilianza kukaa tumboni na usingizi wake ulitulia. Chupa zile, wengine waliendelea kuzipata kwa kujificha, na Adija akawafuata mmoja mmoja kuwasihi. Walimsikiliza wachache.

Mwishoni mwa mwaka ikaja barua nyingine. Kazi ya Tingi ilionekana kuwa nzuri, sasa ofisi zote kwa pamoja zitafanya hivyo hivyo Kinjumbi, na Bi Adija aende akawafundishe wahudumu wa kule namna ya kuandika majina na namna ya kuwaomba wenyewe ruhusa. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni. Alijibu kwamba atakwenda, lakini kwanza anaomba wiki moja ya kukaa nyumbani.

Walimpa siku tatu. Ya kwanza aliilala yote, na Fakihi ndiye aliyepika.