Picha Niliyoitia Mafuta ya Karafuu

Miaka ile mamluki wa kigeni walipotawala visiwa vyetu, nilikuwa mchoraji mjini Moroni. Mjane mmoja wa mji wa Mutsamudu, ambaye hakuwa na picha hata moja ya marehemu mumewe, aliniomba nimchore huyo mume kwa kumbukumbu, kwa kuwa nilisoma naye shule. Rangi huchanganywa na mafuta ya kitani ili zikauke. Mimi, kwa kujifanya mjuzi, nikatia ya karafuu ili picha inukie. Kumbe hayo huzuia rangi kukauka.

Nikaifunua mbele ya wageni, kwenye harusi ya bintiye.

"Fundi, ndiye mwenyewe!" mjane akalia, akaikumbatia kabla sijamzuia.

Alipoiachia, picha ilikuwa imebaki na sikio tu. Akatazama kifuani pake.

"Sasa nguo hii nitaifuaje, fundi, naye yumo?"