Mito ya Sigara

Mito ile niliinunua duka la watalii, kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu hapa Mji Mkongwe. Foronya zake zimechapwa matangazo ya sigara ya zamani: bibi wa kizungu, midomo myekundu, sigara kidoleni, na maneno ya kuisifu tumbaku. Nilitaka sebule yangu ifanane na za mahoteli. Shoga zangu walipoingia wakasema, "Makubwa haya! Umekuwa mtalii kwako mwenyewe!" Nikafurahi, mpumbavu mimi.

Wazazi wangu walikuwa wakikaa nami. Baba akaugua kifua. Alivuta sigara tangu ujana wake, hata mapafu yakachoka. Kulala chali hawezi, basi tukawa tunamuegemeza pale pale sebuleni, kwa mito ile ile. Naandika haya na uso unaniwaka. Mtu anakufa kwa sigara, mgongoni kawekewa tangazo lake, na aliyemuwekea ni mimi mwanawe, tena nikiipigapiga mito ikae vizuri.

Alipokufa, mama akakaa eda humo humo kwangu. Hatoki, hajipambi, nguo nyeupe, kutwa yumo sebuleni na tasbihi yake. Kila nikirudi kazini naikuta mito imelazwa kifudifudi, picha chini. Naigeuza. Kesho yake tena vile vile. Nikawaka.

"Nani anayenipindulia mito yangu? Mnanichezea, eti?"

Watoto wakaapa si wao. Mume wangu akasema hana habari. Mama akanitazama tu, akarudi kwenye tasbihi yake. Nikadhani hata hakunisikia.

Asubuhi moja akaniita.

"Naam, mama."

"Niletee sindano na uzi, mwanangu."

"Vya nini tena? Wewe pumzika."

"Nshachoka kupumzika."

Nikampa, nikenda zangu kazini. Jioni nikawakuta shoga zake wamekuja kumtazama, nikapitia jikoni kwanza kuwatilia chai. Nilipoingia na sinia nikaona mito imevaa foronya mpya, za kitambaa cha mistari ninachokijua. Kilikuwa kikoi cha baba, alichokuwa akijifunga akitoka kuoga. Nguo zake nyengine zote tulishazitoa sadaka. Hicho kimoja mama alikuwa kakiweka chini ya mto wake wa kulalia, na sasa kakikata vipande. Ndipo nilipojua nani aliyekuwa akiigeuza mito, na mimi nilikuwa nikimfokea nani.

Bibi mmoja akaipapasa. "Mashaallah, mizuri! Nani kaishona?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Nimeishona mimi, lakini shauri lake huyu. Alisema hawezi tena kuziona zile picha za sigara, baada ya babake."

Wote wakanigeukia. "Mungu akuweke, mwanetu! Una huruma na wazee wako."

Nikamtazama mama. Alikuwa akimimina chai, wala hakuinua uso. 

"Amin," nikaitikia.

Eda imekwisha, na bibi wale bado huja. Wakikaa kwenye mito ile hunisifu upya, na mama huniacha niitikie.