Mdomo wa Lambo

Dada yangu si mtu wa simu. Akipiga, ujue kuna msiba au kuna ng'ombe aliyepotea. Nilikuwa Bweri, kwenye chumba nilichopanga baada ya kutoka machimboni, aliponipigia na kusema maneno mawili: "Mlima umeungua."

Kesho yake nilishuka kwenye basi njia panda ya Butiama nikatembea. Nimelala Geita, Mwanza, Sirari na kwingine nisikokumbuka vizuri, na kote huko nikifumba macho nilikuwa nakiona kilima kile cha nyumbani, majani yake marefu yakiinama kwa upepo. Sasa kilikuwa cheusi kuanzia kichwani hadi miguuni. Njia za ng'ombe, ambazo zamani zilijificha kwenye majani, zilionekana zote, zimenyooka kutoka juu hadi chini.

Kila kiangazi kaka yetu mkubwa huchoma kipande cha kilima ili mifugo ipate machipukizi. Huchoma mapema, majani yakiwa bado na ubichi, moto utembee polepole. Alivyofanya baba, naye anafanya hivyo hivyo. Lakini mwaka huu lambo letu, bwawa la kunyweshea mifugo, lilikauka mapema, akahamishia ng'ombe ziwani, upande wa Kiriba. Aliporudi kuchoma, majani yalikuwa makavu kama karatasi. Moto haukumsikiliza.

Nilimkuta kwenye lambo, yuko kifua wazi, anachimba.

"Usiniangalie hivyo," alisema kabla ya salamu. "Majani yanarudigi."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Shika sepetu."

Lambo lile baba na ndugu zake walilichimba kwa majembe ya mkono. Mfereji hukusanya maji ya kilima, na mwisho wake kuna uwazi wa kuyaingiza lamboni, tunaouita mdomo. Kabla ya mvua ya kwanza, mdomo lazima uwe wazi. Nyumbani kwetu maji ya kwanza ni ya ng'ombe, na mtu ambaye mvua imemkuta hajafungua mdomo huchekwa mpaka mvua nyingine. Kwa hiyo kaka alikuwa anaupanua.

Dada alikuja na uji kwenye jagi. Aliponiona na begi langu alicheka. "Begi ni lile lile! Hata zipu hujabadilisha?" Kisha akamgeukia kaka na kicheko kikaisha. "Nimekwambia uufunge mdomo wa lambo."

"Na mimi nimekwambia ng'ombe wamechoka kunywa maji ya watu."

"Wenzetu wa ng'ambo ya kilima mlima wao uliungua, wakaacha mdomo wazi. Lambo lao liko wapi?"

Kaka aliendelea kuchimba.

"Si lilijaa tope, sasa wanalima matikiti ndani yake? Mwambie mdogo wako."

Nilipanda juu kidogo, nikamwaga maji ya chupa yangu kwenye ardhi iliyoungua. Sikuamini. Maji hayakuingia. Yalikusanyika matone matone juu ya majivu, kama juu ya jani la gimbi, kisha yakateremka yamebeba vumbi jeusi. Nikarudi nikawaeleza.

"Wewe kilima hiki unakijulia dirishani kwa basi," kaka alisema. Lakini aliacha kuchimba. "Tukifunga, maji yanaenda wapi? Yanaenda kwenye mtama wa dada yako. Ameshaupanda. Amelifikiria hilo?"

"Shamba ni la nani?" dada aliuliza.

"Lako."

"Basi niachie mimi nilifikirie. Mtama nitapanda tena. Lambo hili utalichimba na nani? Na huyu wa basi?"

Upande wa Serengeti wingu lilikuwa limeshashuka. Kaka alilitazama wingu, akaliangalia lambo tupu. Kwa miezi mingi alikuwa akisubiri siku hii. Alikaa chini kwenye ukingo, sepetu magotini, na hakuna aliyemgusa. Mimi na dada tulianza kusogeza mawe karibu na mdomo.

Mvua haikuanza na manyunyu. Ilipiga kama kokoto, na kabla hatujalowa vizuri kilima kilianza kunguruma. Mwaka wa kawaida maji huchukua muda kufika. Majani huyashika kwanza. Safari hii yalishuka na njia za ng'ombe, yote pamoja, yakaingia mferejini. Hayakuwa maji. Ulikuwa uji mweusi, una mizizi na vijiti na mawe ya ukubwa wa ngumi, na unatembea.

Kaka aliruka. "Lete mawe! Lete miiba!"

Tuliziba kwa mawe, kwa matawi ya mgunga, kwa viroba vya mchanga, na mwisho kaka akaegemeza mgongo wake pale wakati mimi na dada tunashindilia udongo miguuni pake. Ule uji ulipanda, ukasita, ukageuka. Ukaingia shambani kwa dada. Alisimama akiutazama ukipita juu ya matuta yake hadi yote yakapotea.

Mvua ilipokatika, nilichimba kwa kidole cha mguu pale kilimani. Chini ya weusi ulioloa, vumbi lilikuwa kavu kabisa.

Lambo lilikuwa na tope la kufunika vifundo vya miguu. Tope kiasi hicho linachoteka. Lakini maji hayakuwamo.

Kaka alitoa simu kwenye mfuko wa plastiki, akampigia mkewe aliyebaki na ng'ombe kule ziwani. "Msije bado," alisema. Alisikiliza. "Najua. Najua mama, lakini msije bado. Mpaka yashuke maji safi."

Alipokata, alichukua panga akaanza kukata miiba ya kupanga juu kilimani, kukatisha njia za ng'ombe ili maji yasishuke kwa kasi, maana wingu jingine lilikuwa linajikusanya. Dada alikuwa ameinama katikati ya shamba lake, anafukua tope kwa mkono.

"Njoo na wewe, mtu wa begi," aliniita. "Nisaidie kutafuta mtama wangu."